Mkenya uko Uarabuni, mume yuko Marekani: namna ya kuomba visa ya ndoa bila kurudi Nairobi

Ujumbe wa sauti huwa wa dakika nne, tano. Dada yuko Sharjah, au Doha, au Muscat. Anaanza kwa salamu, anasimulia walivyokutana na mumewe, anataja mji anaokaa mume, na mwishoni linakuja swali ambalo tayari nalijua: "Sasa dada, mimi ni Mkenya na nafanya kazi huku. Ni lazima nirudi Nairobi ndiyo niombe visa?"

Si lazima. Ila ukiombea katika nchi ya tatu, yaani nchi ambayo si yako wala si Marekani, kuna mambo ambayo mtu wa Nairobi hayamsumbui na wewe yatakusumbua. Hayo ndiyo nitakayoyakazia. Mfano wangu ni Mkenya anayeishi Falme za Kiarabu kwa sababu ndiyo njia niliyopita mwenyewe. Aliye Qatar au Oman abadilishe majina ya ofisi, mengine ni yale yale. Na kama wewe ndiye mume na mkeo ndiye aliye Marekani, soma vivyo hivyo, utaratibu ni mmoja.

KWANZA ANGALIA PASI YAKO

Kuna wanaoamini kwamba wakiombea Abu Dhabi watayakwepa masharti yaliyowekewa nchi zao. Hapana. Zuio linasoma pasi, halisomi anwani.

Tangu 21 Januari 2026 Marekani imesimamisha kutoa visa za uhamiaji kwa raia wa nchi 75, na humo zimo Tanzania, Uganda, Rwanda, Kongo ya Kinshasa na Somalia. Kenya haimo. Mbali na hilo kuna matangazo ya rais ya kuwazuia raia wa nchi fulani kuingia Marekani: la Juni 2025 liligusa Burundi na Somalia, na la Desemba 2025 likaongeza Tanzania kuanzia 1 Januari 2026. Lile la Juni lilikuwa limewaacha wake na waume wa raia wa Marekani, la Desemba likaufunga mlango huo.

Usimamishaji wa Januari haukuzuii kujaza fomu wala kuitwa kwenye mahojiano. Kinachozuiwa ni visa yenyewe kutoka. Mganda mwenye pia pasi ya Uingereza, akiomba kwa ile ya Uingereza, haumgusi. Kwa wengine, hapo pana uamuzi wa pesa zako na subira yako. Kabla ya kuufanya, fungua travel.state.gov siku ile ile unayotaka kulipa, maana mambo haya yalibadilika mara tatu ndani ya miezi minane.

PILI: MAHOJIANO YATAFANYIKA WAPI?

Hili liamue kabla ya kujaza fomu yoyote, kwa sababu kituo cha mahojiano ndicho kinachoamua daktari wako, tafsiri zako na ushahidi utakaodaiwa.

Tangu 1 Novemba 2025 kanuni ni hii: unahojiwa katika nchi unakoishi, au katika nchi ya uraia wako ukiomba hivyo. Zamani watu walikuwa wakitafuta ubalozi wenye sifa ya upole wakapeleka kesi huko. Siku hizi hilo halipo, isipokuwa dharura chache, kama za kiafya au za kibinadamu. Raia wa nchi ambazo ubalozi wa Marekani humo hautoi visa hupangiwa kituo maalumu. Msomali aliye Barawa, kwa mfano, hupangiwa Nairobi.

"Kuishi" maana yake una ukaazi. Viza ya kutembea haikufanyi mkaazi, hata uwe umeifufua mara nne kwa kutoka na kuingia. Ushahidi unaokubalika kirahisi ni Emirates ID (kitambulisho cha mkaazi wa huku), viza ya ukaazi, mkataba wa nyumba uliosajiliwa (Dubai ni Ejari, Sharjah ni ule wenye uthibitisho wa manispaa), bili ya umeme, na barua ya mwajiri. Kina dada wa kazi za ndani hawana mkataba wa nyumba wala bili. Msitishike, ukaazi na Emirates ID ndivyo nguzo, barua ya mwajiri ikazie. Na kama mwajiri ndiye anayekaa na pasi yako, idai sasa. Sheria ya Falme za Kiarabu haimruhusu kuishikilia, na bila pasi mkononi hakuna hata hatua moja itakayokwenda.

Halafu jiulize ukaazi wako unaisha lini. Wa kazi kwa kawaida ni miaka miwili. Safari hii, kuanzia ombi la kwanza hadi dirisha la ubalozi, mara nyingi huzidi mwaka. Kama mkataba umebakiza miezi minane na bosi hatabiriki, mimi ningechagua Nairobi tangu mwanzo. Kama una kazi ya kudumu na unajua utahuisha, Abu Dhabi ni sawa. Nasema Abu Dhabi hata kwa mtu wa Dubai: konsuleti ya Dubai haihoji visa za uhamiaji.

NDOA YENYEWE

Watu huwa na haraka na fomu wakati ndoa yenyewe ina tobo. Matobo mawili nimeyaona sana kwetu Pwani.

La kwanza ni nikaha ya wakala. Bwana yuko Columbus, bibi yuko Dubai, walii yuko Mombasa, kadhi anafungisha kwa simu huku watu wamekaa mkekani wanakula haluwa. Kidini mmeoana. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haiitambui ndoa ambayo wawili hawakuwa pamoja wakati wa kufungishwa, mpaka muwe mmekutana kimwili baada yake. Kwa hiyo mkishafunga kwa simu, mume asafiri, mkae pamoja, ndipo aombe. Tunzeni tiketi, mihuri ya pasi na risiti za hoteli zinazoonyesha kwamba mlikutana baada ya tarehe iliyo kwenye cheti. Kabla yake hazisaidii.

La pili ni mke wa pili. Kama mume hajamwacha wa kwanza kisheria, visa hii haipo kwako, hata kama mke mwenzio ameridhia na ndiye aliyekuletea leso. Na kama yeyote kati yenu aliwahi kuoa au kuolewa, hati ya talaka iwepo, na tarehe yake iwe kabla ya ndoa yenu.

VITU VYA KUWEKA TAYARI

Kwako: pasi, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa kilichosajiliwa serikalini, hati za talaka au kifo za ndoa za nyuma, vyeti vya polisi vya tabia njema, Emirates ID, picha za inchi 2 kwa 2 bila miwani.

Kwa mume: uthibitisho wa uraia au grini kadi, taarifa za kodi za IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani), hati za mshahara.

Kwenu wote: ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli. Nitarudi hapo.

Na pesa. Ombi la I-130, fomu ya mume ya kukuombea, ni dola 625 kwa mtandao, 675 kwa karatasi. Ada ya visa ni 325, ya hati ya udhamini 120, na ya USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, ya kutengeneza grini kadi 235. Kwa njia ya mtandao jumla ni dola 1,305, na hapo bado hujamlipa daktari, mfasiri wala nauli ya basi la Abu Dhabi.

HATUA KWA HATUA

1. Mume awasilishe fomu I-130. Hii anaipeleka USCIS, na anaambatisha fomu I-130A yenye habari zako. Afungue akaunti ya mtandaoni, ni nafuu na unaona kesi inavyokwenda. Akisisitiza karatasi, ajue kwamba tangu 28 Oktoba 2025 hawapokei tena hundi, ni kadi au kukatwa moja kwa moja benki.

Kwenye I-130A utaandika anwani na kazi zako za miaka mitano iliyopita. Nakili majibu yako kwenye daftari. Utaulizwa tena baada ya mwaka katika fomu nyingine, na kama huku umeandika ulihamia Sharjah Machi na kule umeandika Juni, utaelezea dirishani.

2. Jibu vizuri swali la ubalozi. Ndani ya I-130 kuna mahali pa kutaja mji na nchi utakayoombea visa. Hapo ndipo wengi huteleza: mume aliyezaliwa Kisauni anaandika Nairobi bila kufikiri, maana mke ni Mkenya. Unataka Abu Dhabi, aandike Abu Dhabi. Na anwani yako ya sasa iwe ya huku huku, si ya kwa mama Likoni.

3. Tieni ushahidi wa ndoa tangu mwanzo. Msiuweke akiba. Kilicho kizuri zaidi ni kile ambacho hamkukitengeneza kwa ajili ya visa: risiti za pesa mlizotumiana miezi mingi, mihuri ya kusafiri, jina lako kwenye bima yake au akaunti yake, picha za harusi zenye wazee wa pande zote mbili. Mazungumzo ya WhatsApp yachujwe. Kurasa 300 za "umekula?" hakuna atakayezisoma. Chukueni kurasa chache kwa kila miezi mitatu, tarehe zionekane. Chini ya kila picha andikeni nani ni nani na ilikuwa wapi.

4. Tafsiri kila kisicho Kiingereza. USCIS wanataka tafsiri ya kila hati, ikiwa na maneno ya mfasiri kwamba anaijua lugha na tafsiri ni kamili. Kuna tofauti moja ya nchi ya tatu. Kwenye hatua ya visa, hati iliyo katika lugha rasmi ya nchi unakohojiwa huweza kukubalika ilivyo. Kwa hiyo cheti cha Kiswahili kinachopita Dar es Salaam bila neno, Abu Dhabi kitadaiwa tafsiri. Cha Kiarabu, kinyume chake. Tafsiri zote, uondoe wasiwasi.

5. Subiri, kisha usome herufi tatu. I-130 ikikubaliwa, kesi huhamia NVC, kituo cha taifa cha visa. Watakutumia namba ya kesi yenye herufi 3 na tarakimu 10. Herufi ndizo za kituo: ABD ni Abu Dhabi, NRB ni Nairobi. Zikionyesha kituo usichokitaka, wajulishe siku hiyo hiyo kupitia fomu yao ya maswali mtandaoni, ukiambatisha ushahidi wa ukaazi. Usiuandikie ubalozi. Maombi ya kuhamisha kesi ni ya NVC.

Kama mume ana grini kadi tu, hajawa raia, uko kundi la F2A na unategemea tarehe za jarida la visa linalotoka kila mwezi. Mke wa raia hana foleni hiyo.

6. Lipeni ada za NVC. Zile 325 na 120. Zinalipwa kwa akaunti ya benki ya Marekani, kwa hiyo hii ni kazi ya mume.

7. Hati ya udhamini, I-864. Mume anaahidi kisheria kukukimu. Kipato chake kifike asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Kwa jedwali la 2025, kaya ya watu wawili ilitakiwa dola 26,437 kwa mwaka, na watoto wakiongezeka nacho kinaongezeka. Kisipotosha, atafute mdhamini mwenza aliye raia au mwenye grini kadi, anayeishi Marekani, wa miaka 18 kwenda juu.

Mtego kwa walio pamoja Uarabuni: kama mumeo Mmarekani anaishi nawe Dubai, lazima aonyeshe kwamba makazi yake bado ni Marekani au kwamba anarejea kuishi huko nawe. Barua ya kazi mpya, mkataba wa nyumba, shule ya watoto, chochote. "Tutaona tukifika" si jibu.

8. Jaza DS-260, fomu ya mtandaoni ya kuomba visa yenyewe. Ni ndefu. Inataka kila mahali ulipoishi tangu umri wa miaka 16, pamoja na ile bweni ya Ajman uliyokaa miezi mitatu. Toa lile daftari. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasi, na tahajia nyingine zote ziwekwe pale panapouliza majina mengine. Mwanahamisi na Mwanakhamis ni mtu mmoja kwetu sisi. Kwa kompyuta ni watu wawili.

9. Vyeti vya polisi. Unahitaji cha Kenya kama uliishi huko zaidi ya miezi 6, cha nchi unakoishi sasa kama umepita miezi 6, na cha kila nchi nyingine uliyokaa mwaka au zaidi ukiwa umefikisha miaka 16. Mahali ulipowahi kukamatwa, cheti ni lazima hata kama ulikaa siku mbili. Kwa hiyo aliyeanzia Riyadh miaka miwili kabla ya Dubai ana vyeti vitatu.

Cha Falme za Kiarabu ndicho chepesi: programu ya polisi kwenye simu, unaingia kwa UAE Pass. Cha Kenya unaomba kupitia eCitizen, lakini alama za vidole zinahitaji karatasi: unachapisha fomu ya C24, vidole vinachukuliwa ubalozini au polisi wa huku, kisha ndugu wa Nairobi anaipeleka DCI. Chagua ndugu asiyesahau. Changu kilikaa wiki tatu ndani ya droo ya shemeji. Ukienda nyumbani kwa likizo, fanya mwenyewe, umalize. Na kama unakaribia kuihama nchi yoyote ya Ghuba, chukua cheti chake kabla hujapanda ndege. Kukiomba kutoka nje ni kazi mara tano.

Cheti kinatumika miaka miwili. Cha nchi uliyoihama, kama hujarudi tangu kitolewe, hakichakai.

10. Pakia nyaraka kwenye CEAC, tovuti ya maombi ya visa ya Marekani. Kabla ya kuskani, fungua ukurasa wa travel.state.gov unaoeleza hati zinazokubalika za kila nchi. Soma wa Kenya na wa Falme za Kiarabu, yote miwili. Hapo utajua ni cheti kipi cha kuzaliwa wanachokitambua na kinatolewa na nani. Skani kwa rangi, mbele na nyuma, pembe zote nne zionekane. Ukimaliza kila kitu, bonyeza kitufe cha kuwasilisha. Nasema hivi kwa sababu namjua aliyekaa miezi miwili akisubiri jibu la nyaraka ambazo hakuziwasilisha.

11. Daktari, ni yule wa ubalozi tu. Ukishapata barua ya tarehe, weka miadi na daktari aliyeidhinishwa na ubalozi utakaohojiwa. Si wa nchi yako, si wa jirani.

Hapa mimi niliungua. Karibu na nilipokuwa nakaa Sharjah palikuwa na zahanati yenye bango "visa medical". Nikaingia, wakanitoa damu, wakanipiga eksirei, nikalipa dirham zangu mia nne nikatoka nimeridhika. Bango lilikuwa la viza ya ukaazi wa huku. Ubalozi haukuwa na habari na zahanati ile, nikaanza upya kwa daktari wa orodha, nikalipa upya.

Beba kadi ya chanjo, hata ile ya kliniki ya utotoni kama mama bado anayo. Eksirei ikionyesha kovu, utapimwa makohozi, na kuyaotesha maabara huchukua wiki 8. Usiende siku tatu kabla ya mahojiano. Lakini pia usiende mapema mno: vipimo kwa kawaida hudumu miezi 6, na visa haiwezi kuishi zaidi yake.

12. Mahojiano. Nenda na barua ya miadi, pasi yenye zaidi ya miezi 6, picha, na asili za kila ulichopakia. Mume halazimiki kuwepo. Kuhusu lugha, usitegemee kumkuta mkalimani wa Kiswahili Abu Dhabi kama utakavyomkuta Nairobi. Kama Kiingereza chako ni cha kuombea maji, uliza mapema kwa barua pepe jinsi ya kuhojiwa.

Ni dirisha la kioo, umesimama, mara nyingi dakika chache. Mlikutana wapi, anafanya kazi gani, harusini alikuja nani. Kilichonitoa jasho mimi ni undugu. Afisa alionyesha picha ya mzee mwenye kofia ya vito akauliza ni nani. Nikasema, "Baba." Akashusha macho kwenye karatasi: baba yangu ameandikwa marehemu, miaka kumi kabla ya harusi. Kimya. Ilibidi nieleze kwamba ni baba mdogo, na kwamba kwetu mdogo wake baba ni baba. Alicheka, alhamdulillahi. Wewe usingoje kicheko. Jizoeze kutamka undugu kwa hesabu yao: mdogo wa baba, mtoto wa shangazi, ndugu wa baba mmoja mama mwingine. Shemeji wako ni wangapi, ujue idadi kamili kama mume alivyoiandika.

Usilojua, sema hujui. Usibuni.

13. Visa ikitoka. Kabla ya hapo usiache kazi, usiuze gari, usitangaze kwenye stetasi. Ikishatoka, soma herufi zake: CR1 ni kwa ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili siku unayoingia Marekani, na grini kadi yake ni ya miaka 2. IR1 ni ya miaka 10. Ukiwa umebakiza wiki chache kutimiza miaka miwili ya ndoa na visa bado hai, chelewesha safari. Utajiepusha na fomu I-751, ambayo wenye CR1 huijaza ndani ya siku 90 kabla kadi haijaisha.

Lipa zile dola 235. Kisha shughulikia kiinua mgongo, ufute ukaazi, uondoke. Ukiingia Marekani, visa iliyopigwa muhuri inakuwa kama grini kadi kwa mwaka mmoja huku kadi yenyewe ikisubiriwa.

UKIKWAMA

Umepoteza kazi katikati ya safari. Ukaazi ukifutwa unapewa muda wa kuondoka, unaotegemea aina ya viza yako. Usingoje uishe. Iandikie NVC kwamba unarudi Kenya na unaomba kesi ihamie Nairobi, ambako una haki kwa uraia wako. Kama ulikuwa umeshapimwa huku, jiandae kupimwa tena na daktari wa Nairobi. Cheti cha polisi cha Falme za Kiarabu kichukue kabla Emirates ID haijazimwa.

Umehuisha pasi. Namba imebadilika na DS-260 ina ya zamani. Wajulishe, na siku ya mahojiano nenda na pasi zote mbili.

NVC wamerudisha hati. Soma maelezo yao neno kwa neno, wanasema wanachotaka. Mara nyingi ni upande wa nyuma haukuskaniwa au sahihi ya mume haipo kwenye I-864. Rekebisha kile kile, usipakie faili zote upya.

Majina hayafanani. Emirates ID ina majina manne, pasi matatu, cheti cha kuzaliwa mawili. Kula kiapo mbele ya wakili kwamba majina yote ni yako, kiambatanishe. Kama kosa liko kwenye cheti cha ndoa, kiapo hakitoshi. Rudi kwa msajili arekebishe.

Una watoto. Mke wa raia habebi watoto kwenye kesi yake, kila mtoto anahitaji I-130 yake. Watoto uliokuja nao kwenye ndoa wanahesabika kama ndoa ilifungwa kabla hawajatimiza miaka 18. Mtoto mliyezaa na raia huenda ni raia tayari, kwa hiyo kabla ya kumlipia ada yoyote, uliza ubalozini kuhusu kuandikishwa kwake.

Umepewa karatasi yenye 221(g). Hiyo ni "bado", ingawa kisheria inahesabika kukataliwa. Ama kuna hati imekosekana, ama wanachunguza zaidi. Kama wameitaja hati, una mwaka mmoja wa kuipeleka. Ukipita, unaanza tena na kulipa tena. Kama ni uchunguzi, hakuna la kufanya ila kuangalia hali ya kesi kwenye CEAC. Vipimo vya daktari vikikuishia humo ndani, utavirudia.

Mmekaa kimya muda mrefu. NVC wakikuandikia na mwaka mzima ukapita bila ninyi kufanya lolote, kesi inaweza kufutwa. Ingia kwenye akaunti, tuma hata swali moja, ibaki hai.

Kuna mtu wa Deira anasema ana mtu ubalozini. Hana. Na akikujazia DS-260 kwa barua pepe yake, barua ya miadi itakwenda kwake. Fungua barua pepe yako mwenyewe, na neno la siri mjue wewe na mumeo tu.

Umefika Marekani na kadi haiji. Inatumwa kwa posta kwenye anwani uliyoitoa, na posta ya huko haimtafuti mtu aliyehama. Kama mume amehamia nyumba nyingine wakati unasubiri, mwambie afisa wa mpakani anwani mpya ukiwa bado mbele yake, au ubadilishe kwenye akaunti ya USCIS wiki hiyo hiyo.